Mzigo wa msaada: jinsi gunia linavyofika kwa mkimbizi na nani anabeba hasara likipotea

Mwezi Februari 2025, mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo ulipokuwa ukiingia mikononi mwa wapiganaji wa M23, maghala ya Mpango wa Chakula Duniani, WFP, yaliporwa. Karibu tani 7,000 za chakula zilitoweka. Kwa hesabu ya lori la tani 28, hizo ni safari 250. Kama shehena yote ingekuwa mahindi, ingetosha kuwapatia nafaka watu zaidi ya 580,000 kwa mwezi mzima.

Chakula hicho hakikuota Bukavu. Kuna mahali kilinunuliwa, kikapimwa, kikapakiwa, kikapita mizani na forodha, kikashushwa na kuhesabiwa gunia kwa gunia. Katika kila hatua kulikuwa na mfanyabiashara, dereva, wakala au kuli aliyefanya kazi na kutarajia malipo. Na mwisho wa safari kulikuwa na watu waliokimbia vita, waliokuwa wakikisubiri.

Wafanyabiashara wengi wa mpakani huliona lori lenye nembo ya Umoja wa Mataifa likipita na kudhani kwamba ni shughuli ya wakubwa isiyowahusu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kampuni za usafirishaji na wauza nafaka wa ukanda huu. Makala haya yanaeleza jinsi mzigo wa msaada unavyosafiri, taratibu zake, na kwa nini kosa dogo la njiani huishia kwenye sufuria ya mtu.

Nani hasa anapokea mzigo huu?

Watu wanaokimbia vita wako wa aina mbili. Mkimbizi ni yule aliyevuka mpaka na kuingia nchi nyingine. Mkimbizi wa ndani ni yule aliyeacha nyumba yake lakini bado yumo ndani ya nchi yake.

Kwa msafirishaji tofauti hiyo ni kubwa. Mzigo wa wakimbizi mara nyingi huishia kambini, mahali penye ghala, ofisi ya serikali na orodha ya watu. Mfano ni Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na ambayo baadaye ilipokea pia Warundi wengi. Mwingine ni Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992.

Wakimbizi wa ndani ni hadithi nyingine. Mwaka 2024 Kongo peke yake ilikuwa na zaidi ya watu milioni 7 wa aina hiyo, wengi wao katika mikoa ya mashariki. Hawa huishi shuleni, makanisani, kwa ndugu au katika vibanda kando ya mji, na wiki ijayo wanaweza kuwa mahali pengine. Baada ya Goma kutekwa mwishoni mwa Januari 2025, kambi zilizokuwa kandokando ya mji huo, zenye mamia ya maelfu ya watu, zilivunjwa katika wiki chache. Mzigo ulioandikiwa kambi fulani ukakosa kambi ya kushushwa.

Wapo pia wanaobadilika kutoka kundi moja kwenda jingine kwa usiku mmoja. Kuanzia Januari 2025 zaidi ya Wakongo 70,000 waliingia Burundi, wengi wakivuka mto Rusizi kuelekea Cibitoke, wakati mwingine kwa kuogelea. Desemba 2025 mapigano yalipofika Uvira, makumi ya maelfu wengine waliwafuata. Kwa hiyo njia ya mzigo ikahama kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, na nyaraka zikabadilika nayo.

Hesabu ya gunia moja

Mashirika ya misaada hupanga mgao kwa kipimo cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mgao kamili huwa na nafaka, kunde au maharage, mafuta ya kupikia, chumvi, na unga wa lishe wa mahindi na soya. Katika mgao wa kawaida nafaka huwa takriban gramu 400 kwa siku.

Gramu 400 kwa siku 30 ni kilo 12. Hivyo gunia moja la kilo 50 ni nafaka ya watu wanne kwa mwezi. Lori la tani 28 hubeba magunia 560, yaani chakula cha watu wapatao 2,300. Kambi ya watu 100,000 huhitaji tani 1,200 za nafaka kila mwezi, sawa na malori 43, kabla ya kuhesabu maharage na mafuta.

Hesabu hii inafaa kukaa kichwani mwa kila dereva na kila utingo. Magunia kumi yakipungua njiani, katika vitabu vya kampuni ni nusu tani tu. Kambini ni watu arobaini bila nafaka mwezi mzima.

Chakula kinanunuliwa wapi?

Kwa miaka mingi msaada wa chakula ulikuja kwa meli kutoka nchi za wafadhili. Mahindi, mtama na mafuta ya Marekani yalishushwa Mombasa na Dar es Salaam, yakapanda kwenda bara. Njia hiyo huchukua miezi, na wakulima wa ukanda huu wamekuwa wakilalamika kwamba wana mahindi yanayooza wakati meli ya mahindi inashusha bandarini.

Njia ya pili ni kununua hapa hapa. Mwaka 2008 WFP ilianzisha mpango wa majaribio wa kununua kwa wakulima wadogo katika nchi 20, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo. Tanzania imekuwa muuzaji muhimu. Januari 2019, WFP ilikubaliana na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kununua tani 36,000 za mahindi. Kwa malori ya tani 28, huo ni mzigo wa safari karibu 1,300.

Faida yake haihitaji maelezo marefu. Mkulima wa Songea au Sumbawanga anapata soko, msafirishaji anapata mzigo, na chakula kinafika mapema kuliko kingetoka ng'ambo. Hata hivyo, ununuzi mkubwa wa ghafla unaweza kupandisha bei kwa mlaji wa mjini, na serikali nazo zimewahi kufunga mipaka kwa nafaka mavuno yanapokuwa haba. Mfanyabiashara anayetia saini mkataba wa kuuza nafaka nje ya nchi hana budi kuangalia kibali cha kusafirisha kabla ya kuangalia bei.

Ubora: sumukuvu na unyevu

Mzigo wa msaada hupimwa kabla ya kupokelewa. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Mahindi yanayozidi hapo hurudishwa, na gharama ya kuyarudisha hubaki kwa aliyeyaleta.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ilifungua tena kwa masharti, likiwemo la kila mzigo kuwa na cheti cha kuonyesha kiwango cha sumukuvu. Malori yaliyokwama mpakani siku zile yalifundisha kwamba kipimo hufanywa ghalani kabla ya kupakia. Kusubiri kipimo cha mpakani ni kucheza bahati nasibu.

Ubora si suala la karatasi peke yake. Machi 2019, huko Karamoja nchini Uganda, unga wa lishe uliogawiwa kama msaada uliwadhuru walioutumia. Watu watano walifariki na mamia wakaugua. Uchunguzi uligundua sumu inayotokana na mimea ya jamii ya mnanaha, ambayo mbegu zake zinaweza kuvunwa pamoja na soya na kuingia katika unga. Kupepeta na kuchambua nafaka ni kazi ya kibarua wa malipo madogo, lakini maisha ya watu yamo mikononi mwake.

Kuna jambo jingine ambalo wauza nafaka wa masoko ya kawaida hulipata kwa mshangao. Katika mzigo wa msaada hakuna lumbesa. Gunia ni kilo 50, limeshonwa na limepigwa chapa, na hupimwa kwenye mizani bila kujali ujazo wa macho.

Njia zinazotumika

Mzigo wa ukanda wa Maziwa Makuu hutumia milango miwili mikuu. Mlango wa kaskazini ni Mombasa, kupitia Malaba au Busia hadi Kampala, kisha Sudan Kusini kwa mpaka wa Elegu na Nimule, au Rwanda na mashariki mwa Kongo. Mlango wa kati ni Dar es Salaam, kwa barabara hadi Rusumo na Kabanga, au kwa reli.

Reli ya kati, yenye zaidi ya kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ilijengwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na bado ina nafasi yake. Kutoka Kigoma, mzigo huweza kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura, Uvira au Kalemie. Tawi la Mwanza hupita bandari kavu ya Isaka. Mwaka 2018 meli ya MV Umoja ilirudi kuvusha mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell nchini Uganda, na mzigo wa WFP ulikuwa miongoni mwa shehena zake za mwanzo. Kwa mzigo mzito usio na haraka, reli na meli hupunguza gharama. Lori hubaki mfalme pale ambapo reli inaishia.

Ziwa Tanganyika lina kumbukumbu yake katika habari hii. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko walijazana katika kijiji cha Kagunga, upande wa Tanzania, mahali pasipo na barabara ya gari ya kueleweka. Kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ndiyo iliyowapeleka Kigoma kwa mafungu, ikisaidiana na vyombo vidogo. Meli hiyo hiyo ilikuwa imewarudisha Wakongo makwao mwaka 1997. Chombo cha biashara kikigeuka kuwa daraja la kuokoa watu si jambo jipya katika maziwa haya.

Forodha: msamaha ni wa mzigo, si wa lori

Hapa ndipo wasafirishaji wengi hujikwaa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inaorodhesha bidhaa na watu wanaopewa msamaha wa ushuru. Humo yamo mashirika ya Umoja wa Mataifa na bidhaa za dharura za kuwasaidia waliokumbwa na maafa.

Msamaha huo ni wa mwenye mzigo na kwa matumizi yaliyotajwa. Haumpi mwenye lori haki ya kupita bila kukaguliwa. Dereva bado anatakiwa kuwa na hati ya forodha ya mzigo unaopita, namba za lakiri zinazolingana na zilizoandikwa, na barua ya msamaha yenye jina la shirika na kiasi halisi. Kama barua inasema tani 28 na ndani ya tela kuna tani 28 za mahindi na katoni kumi za sabuni za rafiki, mzigo wote unaweza kuzuiliwa. Watu 2,300 watasubiri kwa sababu ya sabuni.

Aidha, sheria ya uzito haina huruma ya kibinadamu. Ukomo wa Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari zima na mzigo wake, kwa gari lenye ekseli saba, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Mzigo wa msaada hupita mizani kama mzigo wa saruji. Bima ya Kadi ya Njano, inayotambuliwa katika nchi nyingi za ukanda huu ikiwemo Tanzania na Kongo, hulinda watu wengine barabarani. Haimlipi mwenye mzigo.

Kongo ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wengi walitarajia taratibu za mpakani zingekuwa rahisi mara moja. Hata hivyo kujiunga ni jambo moja na kuoanisha mifumo ya forodha ni jingine. Ambapo eneo la mpaka linashikiliwa na kundi lenye silaha, kama ilivyokuwa Goma na Bukavu mwaka 2025, huenda msafirishaji akakuta watoza ushuru wawili kwa mzigo mmoja. Uamuzi wa nini kifanyike hapo si wa dereva. Unatakiwa kutolewa kwa maandishi na mwenye mzigo kabla lori halijaondoka.

Kazi ya usafirishaji hutolewaje?

Mashirika makubwa ya misaada hayachukui lori lolote lililoegeshwa kijiweni. Kwanza huandaa orodha ya kampuni zilizokaguliwa: usajili, ulipaji kodi, idadi na hali ya magari, bima, na uwezo wa kifedha. Kisha kazi hugawiwa kwa njia ya zabuni au kwa bei elekezi iliyokubaliwa kwa kila njia.

Mwenye lori moja au mawili mara nyingi huingia kwa mlango wa nyuma, akikodishwa na kampuni iliyo katika orodha. Si kosa iwapo mkataba unaruhusu, lakini hapo ndipo maumivu mengi huanzia. Shirika hulipa kampuni kubwa baada ya nyaraka kurudi. Kampuni kubwa nayo humlipa mwenye lori inapotaka. Mwenye lori dogo anatakiwa kuwa na karatasi yake iliyotiwa saini inayotaja bei, siku ya malipo, na nani anabeba gharama ya kusubiri kushusha.

Kuhusu zabuni za Umoja wa Mataifa, uandikishaji wa kawaida katika mtandao wake wa manunuzi, UNGM, ni bure. Mtu anayedai ada ili "kuingiza jina" au kuuza fomu ya zabuni kwa niaba ya WFP au UNHCR ni tapeli. Matapeli wa aina hii hustawi hasa wakati wa dharura, kwa kuwa kila mmoja amesikia kwamba kuna mzigo mwingi na haraka.

Gunia likipungua

Hati ya mzigo ndiyo roho ya kazi hii. Huandikwa ghalani wakati wa kupakia, ikionyesha aina ya chakula, idadi ya magunia na uzito. Dereva hutia saini kwamba amepokea. Mwisho wa safari mpokeaji huhesabu, huandika yaliyofika salama, yaliyopasuka, yaliyolowa na yaliyopungua, kisha hutia saini na kupiga muhuri. Bila nakala hiyo hakuna malipo.

Magunia yakipungua, thamani yake hukatwa katika malipo ya msafirishaji. Na thamani inayokatwa ni gharama ya kulirudisha gunia lile pale linapotakiwa, ambayo ni kubwa kuliko bei ya soko la mahali lilipopakiwa. Kuna msafirishaji aliyeuziwa maneno na dereva wake kwamba magunia matano hayaonekani katika 560. Yanaonekana.

Hasara nyingine haina mwizi. Turubai lenye tundu, mvua ya usiku mmoja na lori lililozama tope siku tatu vinatosha kuharibu safu nzima. Nafaka iliyolowa huwa haikaushwi na kugawiwa. Huandikwa kuwa haifai kuliwa. Mwenye lori ndiye hulaumiwa kwa turubai. Kwa tope, mambo hutegemea kama dereva alitoa taarifa mapema na kama ana ushahidi. Simu iliyopigwa siku ya kwanza ya kukwama imeokoa malipo ya wengi.

Hesabu za uongo zinaweza pia kuanzia juu. Mwaka 2018 Uganda na UNHCR ziliwahakiki wakimbizi upya kwa alama za vidole, na idadi ikashuka kutoka takriban milioni 1.4 hadi milioni 1.1. Mwaka 2023 Marekani na WFP zilisitisha chakula cha msaada nchini Ethiopia kwa miezi kadhaa baada ya kugundulika kwamba kilikuwa kikielekezwa sokoni. Walioiba walikuwa wachache. Waliokaa njaa walikuwa mamilioni, na malori yaliyokuwa na mikataba yalisimama.

Magunia ya msaada sokoni

Karibu na kila kambi utakuta unga na mafuta yenye chapa ya msaada yakiuzwa. Si yote yameibwa. Mkimbizi hupewa mahindi lakini hapewi pesa ya kusagia, kuni, nyanya wala daftari la mtoto. Huuza kilo mbili ili aweze kupika kumi zilizobaki. Hilo ni tofauti kabisa na magunia mia moja mapya, ambayo hayajafunguliwa, yanayotolewa kwa bei ya kutupa nyuma ya ghala.

Mfanyabiashara mwenye akili anajua tofauti hiyo. Kununua mali ya wizi ni kosa la jinai katika nchi zote za ukanda huu. Na baada ya uporaji kama ule wa Bukavu, bei huanguka kwa siku chache, halafu ghala likibaki tupu hupanda kupita ilivyokuwa. Aliyenunua kwa bei ya kutupa ameharibu soko lake mwenyewe.

Fedha badala ya gunia

Mabadiliko makubwa ya miaka ya karibuni ni kugawa fedha au vocha mahali pa magunia. Pale ambapo soko linafanya kazi, mkimbizi hupokea pesa kwa simu au kadi, akanunua mwenyewe.

Kakuma ndiyo shule ya jambo hili. Mwaka 2015 WFP ilianzisha vocha ya simu iliyoitwa Bamba Chakula, na wenye maduka kambini na mjini wakapewa mikataba ya kuipokea. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, ulikadiria uchumi wa kambi na mji wa Kakuma kuwa wa shilingi bilioni 5.8 za Kenya kwa mwaka, wenye maduka zaidi ya 2,000. Jangwani Turkana, mzigo haukukoma. Ulibadilisha mwenyewe: badala ya gunia la shirika, lori likawa linabeba mchele, sukari na maharage ya muuza jumla.

Tanzania ilichukua njia nyingine. WFP ilianza kugawa fedha Nyarugusu Desemba 2016, na mwaka 2017 serikali ikasitisha utaratibu huo. Baadaye masoko ya pamoja, ambako wakimbizi na wenyeji walikuwa wakikutana, nayo yakafungwa. Serikali ilitaja usalama na sera yake ya wakimbizi kukaa kambini. Kwa wachuuzi wa Kasulu na Kibondo, na kwa wakulima wa muhogo na mboga wa vijiji vya jirani, hilo lilikuwa soko lililopotea.

Fedha nazo zina udhaifu wake. Goma ilipotekwa, benki zilifunga milango na noti zikawa adimu. Mwenye pesa kwenye simu alikuta wakala hana cha kumpa. Pale gunia lilikuwa bora kuliko ujumbe wa simu.

Mfuko unapopungua

Msaada hutegemea wafadhili, na mwaka 2025 ulikuwa mgumu. Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote wa WFP, ilikata misaada yake ya nje, na shirika lake la misaada, USAID, likakoma kufanya kazi Julai 1 mwaka huo. Mei 2025 nchini Uganda karibu wakimbizi milioni moja waliondolewa katika orodha ya chakula. Kakuma mgao ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Upungufu haukuanza hapo: mwaka 2023 wakimbizi nchini Tanzania walipunguziwa mgao hadi nusu.

Kwa msafirishaji, mgao wa nusu ni nusu ya safari. Yule aliyekopa kununua malori matano kwa kutegemea mteja mmoja alibaki na rejesho la benki na magari yaliyosimama. Kwa mwenye duka la Kakuma, vocha ikikatwa na wateja aliowakopesha hawalipi. Aliyekuwa akiuza kwa mkopo kwa kutegemea mgao wa mwezi ujao alijikuta mwezi ujao hauna mgao.

Barabara zenye hatari

Februari 22, 2021, msafara wa WFP ulishambuliwa katika barabara ya Goma kuelekea Rutshuru. Balozi wa Italia nchini Kongo, Luca Attanasio, mlinzi wake na dereva Mkongo wa WFP waliuawa. Dunia ilimzungumzia zaidi balozi. Wanaoendesha magari walimkumbuka dereva.

Aprili mwaka huo huo, madereva wa Kenya na Uganda waliegesha malori mpakani Elegu na kukataa kuingia Sudan Kusini baada ya wenzao kuuawa njiani. Walidai ulinzi. Mgomo ule ulikuwa wa mzigo wote, wa biashara na wa msaada, na ulionyesha kwamba hakuna nembo ya turubai inayozuia risasi.

Bima nyingi za kawaida hazilipi hasara itokanayo na vita. Kabla ya kukubali njia ya aina hiyo, msafirishaji anatakiwa kujua nani anatoa taarifa za usalama, nani anaamua msafara usimame, na familia ya dereva italipwa nini asiporudi. Dereva naye ana haki ya kuuliza maswali hayo kabla ya kuwasha injini.

Mambo ya kuzingatia

Kwa muuza nafaka: pima unyevu na sumukuvu kabla ya kupakia, hakikisha kibali cha kusafirisha kipo, na usahau lumbesa.

Kwa mwenye lori: kagua turubai, soma kifungu cha hasara katika mkataba, na usikubali kazi ya kukodishwa bila karatasi inayotaja siku ya malipo.

Kwa dereva: hesabu mwenyewe wakati wa kupakia, usibebe mzigo wa pembeni, toa taarifa siku ile ile ya tatizo, na usiondoke bila saini na muhuri wa mpokeaji.

Kwa mwenye duka karibu na kambi: usikopeshe zaidi ya unachoweza kupoteza mgao ukikatwa.

Na kwa wote: gunia moja ni watu wanne kwa mwezi. Anayelifikisha amefanya biashara halali na amelisha familia. Anayelipoteza atakatwa fedha katika ankara yake, lakini watakaolala njaa ni wengine, ambao tayari vita vimewanyang'anya kila kitu kingine.